Nililala katikati ya sala, na roba za korale zilikuwa bado

Wakuu, jambo kwenu wote.

Ninaandika toka Goma, mu Katindo. Kiswahili changu ni kile cha huku, muvumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni Mama Amani, mama wa watoto watatu, ninashonea nguo mu nyumba. Mwezi wa kumi na mbili ukifika, kila mutu hapa anakumbuka kama hana nguo ya Noeli. Na wote wanakumbuka kwa siku ile ile moja.

Tunaishi na muzee, baba ya bwana wangu. Alikuwa mufugaji kule mu milima ya Masisi, vita ikamuleta kwetu. Kila asubuhi anatukalisha wote kwa sala ya shukrani.

Wakuu, ile sala ni ndefu.

Anashukuru kwa afya, kwa ugali, kwa mashine yangu ya kushona. Halafu anafika kwa ngombe zake. Bihogo. Gaju. Anazitaja moja moja, na zote ziliibiwa zamani.

Siku moja nilimuuliza kwa heshima, "Papa, tunashukuru hata kwa zile zilienda?"

"Maziwa tulikunywa, mwanangu."

Nikarudi kwa mashine yangu.

Sasa, siku moja mbele ya Noeli nilikuwa na roba kumi na mbili, kanzu za korale ya wamama, kwaya ya kanisani. Zimeshonwa, lakini vifungo hakuna, pindo hakuna. Juma nzima nilikuwa nimelala kidogo sana. Nikamuomba muzee, "Papa, leo ufupishe. Mungu anajua kama niko na kazi."

"Anajua," akasema. "Piga magoti."

Nikapiga magoti, kichwa juu ya kiti. Bihogo ninamukumbuka. Gaju sikumusikia.

Kuamuka, jua liko katikati ya mbingu. Nimelala juu ya mukeka, nimefunikwa kikwembe. Ninaangalia meza: roba haziko.

Nje ninasikia wamama wanaimba polepole. Nikachungulia.

Mama prezidenti wa korale, mutu ambaye akikasirika hata pasta anatafuta njia ingine, amekaa kwenye barza na sindano mukononi. Pembeni yake wamama wane, kila mumoja na roba kwenye magoti, wanashona vifungo.

Bwana wangu ndiye alinieleza. Walifika saa tatu kuchukua roba zao. Muzee akawapokea kwenye mulango: "Mama Amani yuko mu sala."

Wamama wa kanisa, watajibu nini? Wakakaa.

Kisha lisaa nzima kupita, mama prezidenti akauliza kama sala inabakia sana. Muzee akamwambia, "Inabakia. Lakini sindano na vifungo ni hivi hapa, kama mikono yenu iko bure, haina kazi."

Nikatoka na haya imenijaa. "Papa, umedanganya wamama wa Mungu."

"Nimewadanganya wapi? Amina sijasema."

Akavua kofia pale pale, mbele yetu wote, akainamisha kichwa. "Na asante, Bwana, kwa huyu mutoto wangu, amelala. Amina."

Mama prezidenti akaitika amina kwa nguvu kuliko wote. Halafu akanipa sindano.

Siku ya Noeli roba zote kumi na mbili zilifika kanisani. Moja ilikuwa na kifungo kimoja chekundu katikati ya vyeupe. Ni ile mama prezidenti alishona, na hakuna mutu amemwambia mpaka leo.

Mimi nilichojifunza ni hiki: nilikuwa ninafikiri mutu anamaliza kazi kwanza, shukrani inakuja nyuma. Lakini kazi ya sikukuu haimaliziki. Na yule muzee alipoteza kundi nzima, bado akapata nafasi ya kushukuru kwa usingizi wangu.

Kwenu huko, siku zikikimbia hivi, ni nani anawakalisha chini? Mulete maneno yenu, nitayasoma nikikata kitambaa.