Maji ya Tongaren

Nikifungua bomba la jikoni kwangu baada ya maji kukatika siku mbili, hukohoa hewa kwanza, kisha hutoa maji meupe yanayonuka dawa. Harufu hiyo hunirudisha Kitale, nyumbani kwa shangazi, nilikopelekwa kusoma.

Mama alinileta kutoka Tongaren akiwa amebeba mtungi mdogo wa plastiki, umejaa maji ya chemchemi yetu. Ya bomba hakuyaamini kabisa.

"Hiyo ya town ati wanatia dawa, itakuumiza tumbo. Kunywa hii mpaka nikuje."

Shangazi alicheka. "Si afadhali dawa kuliko taifodi, bana!"

Niliuweka mtungi chini ya kitanda. Maji yale yalikuwa baridi, yenye ladha ya udongo na majani. Kila nikitoka shule nilikunywa kikombe kimoja. Yalipofika nusu nikaingiwa na hofu: yakiisha kabla mama hajaja, itakuwaje? Basi kila nilipokunywa kikombe, nilikinga kingine bombani nikarudishia.

Shule zikafungwa, zikafunguliwa tena. Mama alikuwa hajaja. Siku moja shangazi akifagia aliuinua ule mtungi.

"Kwani hii maji yako haiishi?"

"Nakunywa pole pole."

Alipotoka nilimimina kikombe, nikanywa. Sikuonja udongo wala majani. Ilikuwa dawa tupu. Nilikaa sakafuni, nimeukumbatia mtungi, hadi nikasikia shangazi akiniita nikale. Nikainuka, nikapitia bombani kwanza, nikarudishia kikombe changu.