Filamu ya Makauboi Aliyoitafsiri Tonton Déo

Sisi tuliokulia Brussels miaka ya tisini tulikuwa na filamu moja tu nyumbani, na tulitosheka. Ilikuwa kaseti ya makauboi ya bei ya chee, Papa aliinunua sokoni kwenye mitumba. Majambazi walikuwa sita. Akiuawa mmoja, anarudi na kofia nyingine. Milima ilichorwa kwenye kitambaa, na upepo ukivuma Texas nzima inatikisika. Vijana wa leo wangeizima kabla hawajamwona farasi wa kwanza. Sisi kila Jumapili tulitoka kanisani, tukarudi kwetu mtaani Forest, Maman akakaanga ndizi, tukaitazama upya.

Koko, mama yake Papa, hakujua Kifaransa, kwa hiyo Tonton Déo, mdogo wake Papa, alikuja kumtafsiria. Ndiyo ruhusa pekee aliyokuwa nayo ya kuingia kwetu. Kule Bukavu alikuwa askari, akashiriki kupora duka la jirani yao, na tangu siku hiyo mama yake mzazi hakukubali kula naye. Filamu ikiisha, Tonton alivaa koti akaondoka na njaa yake. Iliniuma sana, maana nilimpenda.

Filamu yenyewe ilihusu mpiga bastola aliyeacha ujambazi. Jumapili moja, mtu huyo alipobisha kwa bibi kizee waliyemwibia zamani, Tonton akanyamaza ghafla.

"Alors, anasema nini?" Koko akauliza.

"Anasema... maman, nilikosa. Unisamehe."

Sisi watoto tukatazamana. Kaseti tuliijua yote kwa moyo: pale yule mtu alikuwa akimwombea farasi wake maji, basi. Papa akatukata jicho, tukafyata mdomo. Koko naye alishatafsiriwa habari ya maji hayo Jumapili zote zilizopita.

Akakaa akiitazama televisheni. Kisha akasema, "Umuambie nilisha kumusamehe. Akuye tukule."

Tonton akala fufu huku machozi yanamtoka, na Koko akimwongezea samaki. Nilishukuru siku ile, nashukuru hadi leo.

Wanangu sasa wana filamu maelfu, kila mmoja na simu yake, maandishi yakipita chini ya picha bila kosa hata moja. Nawapenda, lakini nawasikitikia kidogo. Sebuleni kwangu watu wanne wanaweza kukaa Jumapili nzima bila yeyote kumhitaji mwenzake.