Datifu ya Mama

Wakati wa vita, padri mmoja mstaafu kutoka Kongo alikuwa akitafsiri shairi refu la vita la Wagiriki wa kale. Alilileta katika Kiswahili, sebuleni kwake mtaani Nyakabiga. Jumamosi sisi wanafunzi wake wa zamani tulimsaidia, tukimaliza kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka usiku, kufunga barabara. Wenzangu walikuwa wanaume watatu. Mimi nilikuja na mtoto mgongoni, na padri hakupenda.

"Hii si kazi ya mutu mwenye kunyonyesha," aliniambia. "Nakupa mustari moja. Ukikushinda, ubaki nyumbani."

Nilikasirika, lakini nikauchukua mstari. Nyumbani kulikuwa na masufuria na mama mkwe. Pale kwa padri tu ndipo mtu aliniuliza ninafikiri nini.

Mstari ulimhusu kijana anayeanguka vitani. Maneno mawili yalikuwa katika datifu, ile hali ya Kigiriki inayosema jambo limefanyika kwa chombo gani, au limempata nani: mkuki, na mama. Nikaandika, "Alikufa kwa mkuki kwa mama yake."

Mmoja akaangua kicheko. "Eh, we! Walimuulia jikoni?"

"Ondoa mama," padri akasema. "Mukuki unatosha."

"Mama ameandikwa, padri. Mi apana kumuondoa."

Akanipa hadi Jumamosi nyingine.

Katikati ya wiki, kijana wa jirani yangu akauawa kwa risasi barabarani. Tukaenda kukaa na mama yake, mikeka chini, kama desturi yetu. Kila aliyefika aliuliza mlangoni, "Aliyefiwa ni yupi?" kisha akaenda kumshika mkono. Risasi ilitoka wapi, hakuna aliyeuliza. Miaka ile hukuuliza. Nikiwa nanyonyesha pale ukutani, niliona wazi: chuma kina nafasi yake katika habari, na anayebaki ana yake. Mimi nilikuwa nimewabana wote wawili ndani ya "kwa" ile ile.

Jumamosi nikasoma: "Mkuki ulimwangusha, akamfia mama yake."

"Lakini mama hayuko pale vitani," akasema yule aliyenicheka.

"Na mama gani anakuwa pale?"

Padri alirudia Kigiriki polepole, kidole juu ya maneno, halafu akaandika mstari wangu kwa wino. Akanisogezea ukurasa uliofuata.

"Mustari wa kwanza uko na datifu tatu. Soma."

Nikamhamishia mtoto paja la pili, nikasoma. Hasira yangu kwa padri bado ilikuwepo.