Kikao cha Mbwa Mvuani

Bwana mifugo mstaafu aliyefika Kigoma peke yake, akivuta kijumba cha kulala cha magurudumu mawili nyuma ya pikapu, hakuamua jambo lolote bila kuwauliza mbwa wake. Waliketi naye mbele, Afande, Hakimu na Bibi Shamba, na kila alipotaka kusimama aliwageukia: "Waheshimiwa, tushuke?" Vidole vyake vinene vilipapasa masikio yao hata alipozungumza na watu. Nesi Verediana, aliyekuwa akipokea wakimbizi walioshushwa na boti kutoka Kagunga, mpakani mwa Burundi, alimcheka tangu asubuhi, mpaka mvua ilipoanza, mahema yakiwa yamejaa, na mama mmoja akabaki nje na kichanga chake.

"Shikamoo, mzee. Naomba kijumba chako, mtoto atakufa kwa baridi."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja niwaulize."

Akachuchumaa matopeni, akamnong'oneza kila mbwa kwa zamu. Verediana alitamani kumpiga teke.

"Afande hana neno," mzee akatangaza. "Bibi Shamba kaafiki. Hakimu anapinga."

"Mzee, huyo ni mbwa."

"Najua. Na amezidiwa kura."

Akaingia kijumbani, akakung'uta godoro, akaokota manyoya moja moja, kisha akamshika mama mkono kumpandisha. Aliporudi kwenye pikapu kujikinga mvua, Hakimu alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha dereva. Mzee akamtazama kupitia kioo, akafunga vifungo vya koti, akabaki amesimama palepale akilowa.

"Kashindwa mbele ya wenzake," alimwambia Verediana taratibu. "Tumwachie angalau kiti."