Kibao cha Wesha

Gari langu lilikuwa la kukodiwa, na siku ile niliegesha Wesha, ubavuni mwa ghala la bandari, nikaenda kumpokea mama mkwe aliyekuwa anatoka Unguja. Niliporudi na mzigo wake nikamkuta askari anaandika. Akanikabidhi samansi: nimeegesha mahali palipokatazwa.

"Pamekatazwa na kibao kipi, afande?"

"Kibao kipo," akajibu bila kuinua uso.

Nikalizunguka ghala mara mbili. Hapakuwa na kibao.

Kesho yake asubuhi nikarudi. Kibao kilikuwa kimesimama pale pale nilipoegesha, udongo wa chini yake umetifuliwa upya. Nilipokigusa, rangi nyeupe ikabaki kidoleni.

Nikajua nimetegwa, na nikajiona namjua aliyenitega. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi wa rangi katika idara ya barabara, na alikuwa wa chama kingine. Zama zile watu wa vyama tofauti waligomeana hata maziko, wala hawakunywa kahawa ya wenzao kwa kuhofia sumu. Nikaacha kuitikia salamu yake. Kila alipopita na kopo lake nilimtazama mikono.

"Umemwona akikisimamisha?" mke wangu akaniuliza.

Nikamwambia hakuna haja ya kuona.

Karibu na ghala alikaa Bi mkubwa mmoja akiuza mihogo ya kuchemsha. Nikamwomba anitolee ushahidi.

"Nani kakutuma kwangu?" akauliza.

Nikamwapia kwamba sikutumwa na mtu. Akafunika sinia lake. "Nitasema nilichokiona, mwanangu. Unachokitaka wewe sitokisema."

Mahakamani Chake Chake askari akaapa kwamba kibao kipo tangu mwaka uliopita. Hakimu akamgeukia Bi mkubwa.

"Kilikuwapo," akasema. Kisha akaendelea: "Lakini lori la karafuu lilikigonga likirudi nyuma, kikalala majanini wiki nzima. Huyu kaja kimelala. Kesho yake alfajiri walinzi wawili wa ghala wakakisimamisha, wakakipaka rangi."

"Hapakuwa na fundi?" nikauliza, kabla sijapewa ruhusa.

"Fundi gani? Wamekipaka kwa kitambaa."

Samansi ikafutwa. Askari akanipita mlangoni akimkazia macho yule bibi, na naamini mpaka leo alidhani nimemfundisha la kusema.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa jirani. Alikuwa barazani.

"Wiki tatu nakusalimu huitikii," akasema. "Nikajua ni mambo ya chama."

Nikamweleza yote, kibao, rangi, na nilivyomdhania. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na lau yule bibi asingekwenda?"

Kisha akaniambia nikae, akaingia ndani, akatoka na kahawa. Akamimina kikombe kimoja, akapiga funda yeye kwanza, mbele ya macho yangu, ndipo akanipa.