Siku Baba Alipolitoa Gari

Baba yangu si mtu wa kulia. Mama alipofariki, alisimama kando ya kaburi shambani kwetu Dundori, kofia mkononi, akawaonyesha vijana wa kanisa mahali pa kushika jeneza, kisha jioni akaenda kukamua ng'ombe kama kawaida. Sisi watoto tulikasirika. Mimi, kitinda mimba, nilikasirika kuliko wote, kwa sababu hasira zangu ziko karibu na nilikuwa nimelia hadi macho yakavimba.

Likabaki gari. Lilikuwa gari kuukuu la porini, refu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Baba alilinunua likiwa tayari limechoka, ili libebe viazi kutoka shambani msimu wa mvua, wakati lori hukwama kwenye tope na madereva huanza kutukana. Alimwambia fundi aongeze vyuma kwenye springi, mbele na nyuma, na fundi akaongeza bila huruma. Baadaye mama alianza kuugua figo, na gari hilo hilo ndilo lililompeleka Nakuru kusafishwa damu, mara mbili kila wiki, kwa miaka. Mvua ikinyesha kwetu, hakuna ambulensi inayothubutu kupanda.

Hapo baba akajiwekea sheria: mama akiwa ndani, gari halibebi mzigo. Majirani walikuja na magunia yao ya viazi na kabeji za soko, wakiomba nafasi ya nyuma tu, naye akawafukuza.

"Hii imebeba mgonjwa," alikuwa akiwaambia. "Siwezi changanya mgonjwa na viazi."

Wakamwona ana maringo. Mimi nilijivuna. Ninafundisha shule mjini na ninaishi mtaa wa Section 58, kwa hivyo nilikuwa nikiwasubiri kwenye lango la hospitali. Nililiona gari likiingia tupu, limeoshwa, mama amekaa kiti cha mbele na leso magotini, na nikajiambia kwamba huyu mwanamke amependwa. Alikuwa akishuka polepole, mkono mmoja kiunoni. Nikimuuliza safari ilikuwaje, jibu lilikuwa moja: "Tumefika, mami." Wote wawili waliniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la nyanya yangu, mama yake baba.

Baada ya mazishi gari lilikaa chini ya mabati, kuku wakalala juu ya boneti. Wanunuzi walikuja, baba akakataa kuwasikiliza. Kaka zangu walilitaka, kila mmoja kwa sababu zake nzuri, na baba akawakazia macho hadi wakabadilisha mazungumzo. Halafu Jumapili moja, tukinywa chai, akasema amesikia kuhusu wauguzi fulani upande wa Njoro wanaozungukia wagonjwa majumbani, wale ambao hospitali imesema warudi nyumbani. Wanatembea kwa miguu na kwa pikipiki.

"Nitawapatia gari," alisema. "Mambo yaishe."

Nilidhani anataka kumwondoa mama uani. Niliumia, nikamjibu vibaya, nikaondoka bila kumaliza chai. Lakini siku ya kulitoa ilipofika nilikwenda, maana ningebaki mjini ningeumia zaidi.

Nilimkuta anapakia viazi. Kwetu mtu akikuletea kitu ndani ya kiondo, humrudishii kiondo kitupu; utatia hata mayai mawili. Baba aliona gari nalo ni hivyo hivyo. Akapakia magunia hadi dirishani, juu yake karoti, kabeji na madumu ya maziwa. Mimi nilibanwa kwenye kona ya kiti cha nyuma, gunia likiniegemea begani. Kiti cha mbele aliweka kofia yake tu. Tuliteremka hadi Nakuru, tukapita mjini, tukaingia Njoro, na sikumbuki shimo hata moja. Gari lilikwenda kama limelewa usingizi.

Wauguzi walitupokea kwa nyimbo. Mkubwa wao, mama wa makamo mwenye sauti ya kwaya, aliweka mkono kwenye boneti akaliombea gari, akawaombea na wagonjwa litakaowabeba. Baba alimkabidhi funguo kwa mikono miwili. Tulishusha magunia yote. Tulikula chapati. Tulipiga picha. Kisha baba akavaa kofia, akaaga watu wote, akatoka nje, akafungua mlango wa dereva.

Hapo ndipo sote tuligundua kwamba hakuna aliyefikiria tutarudi vipi nyumbani. Watu walicheka hadi wakashikilia ukuta. Baba naye alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Zunguka upande ule, mzee," yule muuguzi mkubwa alisema, akishika usukani. "Leo utabebwa."

Nilipanda nyuma; baba alizunguka, akakaa kiti cha kushoto. Sikuwa nimewahi kumwona hapo. Gari lilikuwa lake, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiliendesha.

Kwenye lami mambo yalikuwa sawa. Tulipoiacha na kuanza kupanda kwetu, gari likaanza kuruka. Upande wa kushoto wa barabara ile umeliwa na mvua, na gurudumu la kushoto liliingia kila shimo. Baba alirushwa juu, akatua kwa kishindo. Akashika chuma cha mlango. Akarushwa tena.

"Pole, mzee," muuguzi alisema. "Springi zenu ni kali."

Baba alikaza mkono kwenye chuma. Baada ya shimo la tatu akamwambia asimame, naye akasimama hapo hapo katikati ya barabara.

"Asubuhi ilikuwa inaruka hivi?" baba aliniuliza bila kugeuka.

"Hapana, baba," nilisema upesi, bila kufikiri. "Asubuhi tulikuwa na viazi."

Aliutazama mlango. Mkono wake ulikuwa bado umeshika kile chuma, na niliona rangi ya chuma imetoka mahali pale, kimebaki kung'aa.

"Mama yako alikuwa anashika hapa," alisema. "Nilikuwa namwambia aache, ataharibu mlango."

"Baba."

"Gunia nne tu, mami. Watu walikuwa wananiomba niwabebee. Ningekubali gunia nne, hii gari ingetulia." Sauti yake ilianza kukatika. "Nikaiacha tupu. Nikaiosha, nikaiacha tupu, nikamrusha hivi miaka yote, na mgongo wake ule."

Nilitaka kumwambia kwamba hakujua. Lakini hilo lingemsaidia nini?

"Mbona hakuniambia?" aliuliza, na sasa alikuwa amegeuka, ananitazama kama mtu anayetaka jibu kweli.

Jibu nilikuwa nalo. Mama alikuwa akikaa kwenye kiti kile, akimsikiliza akiwafukuza majirani kwa ajili yake, na asingeweza kumnyang'anya fahari hiyo. Sikusema. Nilinyoosha mkono nikamshika bega, na baba yangu akalia kwa sauti, huku muuguzi akizima gari.