Nilitafsiri Filamu Nisiyoielewa, Editha Akalipa

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa. Nimemkosea binti wa watu, nimemkosea mama yake, na kila asubuhi nawakosea watoto ishirini na wawili wa chekechea. Jina langu silitaji, na huyo binti nimempa jina lisilo lake. Inatosha mjue ni huku kwetu Karagwe, na kwamba kijijini naitwa Mwalimu. Kila nikiitwa hivyo nahisi mlango umefungwa kwa nje.

Mambo yalianzia Uganda. Nilipokuwa kijana nilivuka pale Murongo nikaenda Mbarara, nikakaa miaka miwili nikiosha vyombo kwenye mgahawa. Niliporudi, watu wakasema huyu sasa ana Kiingereza. Ndivyo tunavyoamini huku, kwamba aliyekaa Uganda lazima anakijua. Hakuna aliyejiuliza nilikuwa naongea nini kule. Nilikuwa naongea Kinyambo changu, wao wananijibu kwa Kinyankole chao, tunaelewana bila shida. Kiingereza nilikisikia kwa wateja wachache, tena mimi nikiwa nyuma jikoni na mikono kwenye povu.

Sikukanusha. Nani anakataa sifa ya bure? Mtu akiniuliza neno, nalitaja nikilijua, nisipolijua nacheka na kusema, "Wewe hilo litakusaidia nini?" Wakazidi kuamini.

Kijijini kwetu kuna kibanda cha video, mabenchi ya mikaratusi, televisheni moja na spika mbili. Jumapili watu wakitoka ibadani na kula, saa nane wanajaa. Filamu zilizokwishatafsiriwa zilikuwa zimeisha, mwenye kibanda akaleta mpya ambayo hakuna aliyekuwa ameitafsiri. Akanipa maiki. "Wewe umekaa Uganda bwana, tusaidie."

Ilikuwa filamu ya roboti. Mitambo inashuka kutoka angani, inabomoa miji, na roboti moja kubwa linabaki upande wa binadamu, linamlinda msichana yatima. Mapigano hayahitaji tafsiri, hapo nilipiga kelele tu na watu wakafurahi. Tatizo lilikuwa mwisho. Mzee mwenye koti jeupe, aliyeliunda lile roboti, anaweka kiganja kifuani mwa roboti, anasema maneno marefu huku analia, kisha taa ya kifua inazimika.

Sikuelewa hata neno moja. Nikatunga. "Anasema, huyu si chuma, ni mwanangu. Alipopata ajali niliuchukua moyo wake nikauweka humu. Lala mwanangu, ipo siku utaamka." Jamani, watu walilia! Wanawake walijifuta kwa kanga. Mzee Damiano, mwenyekiti wa kamati ya chekechea yetu ya wazazi, mtu ambaye hata msibani simkumbuki akitoa chozi, alitoka nje akisingizia kikohozi. Kwa zaidi ya mwaka watu walinisimamisha njiani waniulize mtoto wa mzee ataamka lini.

Halafu ikaja sehemu ya pili.

Siku hiyo kibanda kilifurika mpaka wengine wakachungulia madirishani. Nami nimeshika maiki, kifua mbele. Filamu haikufika mbali, roboti likaamka. Watu wakashangilia, "Mtoto kaamka!" Mara yule mzee wa koti jeupe akatokea na mtutu begani akalipiga lile roboti kifuani. Hakulia. Hakusita.

Mtu mmoja akauliza, "Mbona anampiga mwanawe?"

Nikasema mzee amepoteza kumbukumbu. Haikupita muda, akaingia mwanaume wa makamo, akamkumbatia yule mzee, na neno "baba" kwa Kiingereza hata mimi nalijua. Mtoto wake wa kweli, mzima, wala hana kovu. Nikasema huyo ni pacha. Kila nilichotunga kilinibana zaidi, kwa sababu picha ilikuwa haidanganyi na mimi nadanganya. Nilitamani umeme ukatike. Ulivyo na inda, siku hiyo haukukatika.

Ilipoisha, kila mtu akatoa maoni yake kama kawaida yetu. Dereva mmoja wa bodaboda akasema mapigano ni ya hatari, magari yanaruka mito, ila hadithi hamna. Mama muuza karanga akasema yule mzee karogwa. Mzee Damiano akasimama na fimbo yake. "Sehemu ya pili wameiharibu. Hawa Wazungu hadithi imewaishia. Mzazi hampigi mwanawe hata kumwita jina hajamwita. Ya kwanza ilikuwa filamu, hii ni vurugu."

Watu wote wakaitikia. Mnaona ilivyokuwa? Hawakunishuku mimi. Waliwashuku walioitengeneza filamu. Nilikuwa nimepona, nilitakiwa ninyamaze tu nirudi nyumbani.

Ndipo akasimama Editha. Binti wa jirani yetu, kamaliza kidato cha sita, mpole, na kamati ilikuwa imeshamwambia mwezi unaofuata ataanza kufundisha Kiingereza pale chekechea. Alisema kwa adabu, "Shikamooni wazee. Mimi naona filamu ni nzuri, haijaharibika. Kwenye ile ya kwanza yule mzee hakusema huyu ni mwanangu. Alisema, nilikosea kukuunda, nisamehe, nakuzima kwa mkono wangu kabla hujaumiza mtu. Sasa kosa lake limeamka, analifuata mwenyewe. Hadithi ndiyo hiyo."

Watu wakageuka kunitazama. Ningeweza kusema, "Binti yuko sahihi." Maneno matatu. Badala yake nikainua maiki, nikamuuliza, "Wewe Uganda umefika?"

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Nikaongeza kwamba Kiingereza cha daftari na Kiingereza cha kuishi na watu ni vitu viwili. Wakazidi kucheka. Editha hakukasirika. Alinitazama, akaniambia kitu kwa Kiingereza, taratibu, kwa sauti ndogo, sentensi mbili au tatu hivi. Sikuelewa. Na watu wananingoja.

Hapo ndipo nilipofanya ubaya wenyewe. Niligeukia watu nikatafsiri. "Mmesikia? Ananiomba msamaha. Anasema alitaka tu aonekane na yeye amesoma."

Editha alifungua mdomo, kelele zikamzidi. Akachukua kanga yake akatoka. Nilimwona kupitia dirishani akipita kwenye migomba, hakukimbia.

Katikati ya wiki Mzee Damiano akaja nyumbani. Nilikuwa na mama yangu, tunamenya ndizi. Akasema kamati imekaa, na binti anayebishana na wakubwa zake halafu anaomba radhi mbele ya kibanda kizima hawezi kukabidhiwa watoto. "Kumbe mwenye Kiingereza chake tunaye hapa hapa. Wewe ndiye utakayetufundishia."

Mama yangu aliweka kisu chini akapiga magoti kumshukuru Mungu. Amenizaa akiwa peke yake, amenisomesha mpaka darasa la saba kwa kubeba kahawa za watu. Nilimtazama nikakosa pa kupitia. Nikasema ndiyo.

Siku tatu baadaye alikuja mama yake Editha. Alibeba kikapu kidogo chenye mfuniko, ndani kuna akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Wa huku wanajua. Wengine niwaambie tu kwamba kwetu watu waliokoseana hupelekeana kahawa hiyo, na aliyekosewa ndiye hutafuna wa kwanza. Ukishatafuna, umesema mbele ya Mungu kwamba wewe ndiye uliyekosewa, na umesamehe.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, akakaa. "Waitu, nimesikia mwanangu alikuomba radhi pale kibandani. Nami nimekuja kama mzazi. Kama alikukosea, tafuna tuyamalize."

Alinisogezea kikapu, akanitazama usoni, akangoja. Alingoja muda mrefu. Mama yangu alikuwa ameketi pembeni, ananikonyeza nisimcheleweshe mgeni.

Nilichukua punje mbili nikatafuna.

Mama Editha akaangalia chini, akafunika kikapu, akaaga. Wiki hiyo hiyo Editha akavuka Murongo. Yuko Uganda, anafanya kazi za ndani kwa watu. Yule mwenye Kiingereza yuko kwenye masufuria, na aliyetoka kwenye masufuria ameshika chaki. Nilicheka nilipolifikiria hilo mara ya kwanza, kisha nikashindwa kula siku nzima.

Darasani kwangu mnisamehe wazazi. Maneno ya kwenye kitabu cha picha tuliyamaliza ndani ya mwezi mmoja. Siku moja mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mgomba kwa Kiingereza unaitwaje?" Ndizi naijua. Mgomba sikuujua, na mgomba ndio unaotuzunguka pande zote, huwezi kumwambia mtoto wa huku kwamba hautamsaidia. Nikatunga neno. Sasa watoto ishirini na wawili wanaliimba wakienda nyumbani, wanaunyooshea mgomba kidole na kulisema neno ambalo halipo popote duniani. Nawasikia kutoka mbali, nataka kuziba masikio.

Mtasema, si ukiri tu? Nimejaribu. Nilimfuata Mzee Damiano shambani kwake nikamwambia, "Mzee wangu, Kiingereza sikijui." Alicheka mpaka akaegemea jembe. "Msomi wa kweli hajisifu. Ndiyo maana tukakuchagua." Nikamwambia mama yangu, akasema ni shetani ananionea wivu, akaniombea. Nilikuwa nimejenga uongo wangu vizuri mno, hata mimi niliyeujenga sikuupata mlango.

Kisha wiki hii, siku ya gulio, spika ikatangaza kwamba sehemu ya tatu imefika. Itaonyeshwa Jumapili saa nane, mtafsiri ni Mwalimu wetu. Watu wakanipungia mikono kutoka kwenye mafungu ya nyanya.

Jana nilikata shauri. Nikanunua akamwani, nikatia kwenye kikapu, nikaenda kwa mama yake Editha. Nilimkuta anaanika maharage. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikamweleza yote, Mbarara, maiki, ule msamaha niliomtungia mwanawe. Alinisikiliza bila kuacha kutandaza maharage.

Nilipomaliza akasema, "Nayajua, mwanangu. Editha aliniambia usiku ule ule, na Editha hajawahi kunidanganya."

Nikamuuliza, "Sasa mama, kwa nini uliniletea kahawa?"

"Nilikuletea ili uikatae."

Sikuweza kuinua kichwa. Nikamuuliza jambo ambalo limeninyima usingizi tangu siku ile. Mwanao aliniambia nini pale kibandani?

"Alikuambia, kaka, waambie tu mwenyewe, hawatakuchukia. Na mimi nitakufundisha mpaka ukijue. Alisema kwa Kiingereza ili watu wasielewe, usije ukaaibika."

Nililia, ndugu zangu. Sikulia kwa adabu ya mwanaume, nililia kama mtoto aliyepotea gulioni. Yule binti alinifungulia mlango mbele ya watu wote, akaufungua kwa lugha niliyosema naijua.

Nikamsogezea kikapu. Mama Editha akakirudisha kwa mkono mmoja. "Hapa siitafuni. Mwanangu hakuchekwa hapa. Jumapili nitakuja kibandani, nitakaa benchi la mbele. Ukishasema, nitatafuna mbele yao. Usiposema, rudi nayo kwako."

Leo ni Ijumaa. Kikapu kiko mezani, mama yangu ameniuliza mara mbili ni cha nani. Watoto nimewaaga saa sita, wamekwenda wakiuimbia mgomba. Naandika haya gazetini bila jina kwa sababu bado naogopa, na najua kuandika bila jina ni kujificha kwingine. Yatakapowafikia, Jumapili hiyo itakuwa imeshapita, na watu wa kwetu watakuwa wanajua kama nilisema au nilishika maiki nikatunga tena. Natamani niwaambie nitasema. Nimeshadanganya mno, siwezi tena kuahidi.

Ila wewe unayesoma, ukisifiwa kwa kitu usichokijua, kataa siku hiyo hiyo, wakati bado ni utani. Mtu akikusahihisha kwa sauti ndogo, mshukuru, huenda anakuokoa. Na siku ukiletewa kahawa ya kosa ambalo ni lako, hata mama yako akikukonyeza, usitafune.